Msomaji Hukisia kwa Anachokijua

Katika Karatasi ya Pili ya Kiswahili ya mtihani wa KCSE nchini Kenya, sehemu ya ufahamu hubeba alama 15, na miongoni mwa maswali yake hakosekani yule mgeni aliyezoeleka: eleza maana ya msamiati huu kama ulivyotumika katika taarifa. Swali lenyewe ni zuri, kwa kuwa linamlazimu mtahiniwa alitazame neno pale lilipo. Kasoro iko darasani, miezi mingi kabla ya mtihani, pale mwalimu anapoimaliza kazi nzima kwa agizo la "tumia muktadha" na kupita. Hoja ya makala haya ni kwamba kukisia maana hutegemea maarifa ya aina mbili, ya lugha na ya jambo linalosimuliwa. Anayefundisha mbinu bila kuyajenga maarifa hayo humdai mwanafunzi kitu asichompa.

Tuichunguze sentensi hii: "Upepo ulipogeuka, nahodha akaamuru demani ilegezwe, na tanga likaanza kupepea." Mwanafunzi wa Singida ambaye hajawahi kupanda jahazi huenda hajui demani ni nini. Hata hivyo, sarufi imekwisha kumsaidia sana. Kiambishi i- katika "ilegezwe" kinamwambia kwamba demani si mtu wala mnyama, maana kiumbe angepatanishwa kwa a-. Kitenzi kinamwambia kwamba ni kitu kinachoweza kukazwa na kulegezwa. Kisha tanga linapepea mara tu baada ya kulegezwa kwa hicho kitu, kwa hiyo vitu hivyo viwili vimeungana. Akiongozwa hatua kwa hatua, atafika kwenye kamba inayolizuia tanga, na atakuwa amefika mwenyewe. Mtoto wa Lamu aliyekulia gatini hahitaji safari hiyo yote. Lakini mpe huyo wa Lamu kifungu kinachomtaja mtamba, na sasa atakayetembea polepole ni yeye.

Msaada huu wa upatanisho wa kisarufi ni hazina ambayo vitabu vya mbinu za kusoma vilivyoandikwa kwa ajili ya lugha zisizo na ngeli haviwezi kuigusa. Nasi tunafundisha ngeli katika kipindi cha sarufi na ufahamu katika kipindi kingine, kana kwamba havijuani. Hali ni hiyo hiyo kwa vitenzi. "Angalifika mapema, asingalikuta mlango umefungwa." Maneno ni 5 tu, wala hakuna hata moja linalosema kwamba mtu huyu alichelewa; -ngali- ndiyo inayotulazimisha kujua hivyo, na -me- inatujulisha kwamba mlango ulifungwa kabla hajafika. Lakini je, waliomo ndani walimkasirikia? Hilo sentensi haijalisema. Huenda likawa kweli, ila msomaji makini atalishikilia kwa mkono mwepesi mpaka aone ushahidi mwingine. Kutenganisha kile ambacho matini inakilazimisha na kile inachokiruhusu tu ndicho kiini cha ufasiri wote, na mtoto wa darasa la 5 anaweza kuanza kuuzoea utengano huo.

Kiswahili pia humwachia msomaji maswali wazi. Tukisoma kwamba daktari alivua glavu, akaketi, akampigia mumewe simu, wengi wetu tutakuwa tumekwisha kumchora mwanamume kabla ya kufika "mumewe", ingawa a- haikutaja jinsi. Dhana hiyo tumekuja nayo sisi. Kusoma vizuri ni pamoja na kuwa tayari kuifuta picha ya kwanza.

Upande wa maarifa ya jambo, utafiti umesema kwa uwazi. Mwaka 1972 Bransford na Johnson waliwasomea watu aya iliyoeleza kazi ya kufua nguo bila kuitaja. Waliodokezwa mada kabla ya kusikiliza walielewa na kukumbuka zaidi. Waliotajiwa baadaye hawakupata faida hiyo. Mwaka 1988, Recht na Leslie waliwapima wanafunzi 64 wa Marekani kwa kisa cha mchezo wa besiboli. Wasomaji dhaifu walioujua mchezo huo waliwashinda wasomaji hodari wasioujua. Uwezo wa kusoma, kwa hiyo, hausafiri peke yake kutoka mada hadi mada.

Kuna pia kikomo cha idadi. Hu na Nation, mwaka 2000, walikadiria kwamba msomaji wa lugha ya pili anahitaji kujua takriban asilimia 98 ya maneno ili aielewe hadithi bila msaada. Yaani neno geni 1 katika kila 50. Hebu tumfikirie mwanafunzi wa Tanzania aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha Kidato cha Kwanza anapewa kitabu cha biolojia cha Kiingereza ambamo kila mstari una maneno mawili matatu asiyoyajua. Kumwambia atumie muktadha ni kumdhulumu, kwa sababu muktadha wenyewe umeundwa na maneno yale yale yaliyomshinda. Huyo anastahili kufundishwa msamiati waziwazi na kusomeshwa mada hiyo kwanza katika lugha anayoimudu.

Kwa anayeyajua maneno ya kutosha, nako tusitarajie muujiza. Swanborn na de Glopper walipokusanya matokeo ya tafiti mbalimbali mwaka 1999, waliona kwamba wasomaji hujifunza takriban asilimia 15 ya maneno mageni wanayokutana nayo katika usomaji wa kawaida. Ni kidogo kwa ukurasa mmoja na ni kingi kwa vitabu 30. Shule yenye kabati la hadithi linalofunguliwa kila wiki inafundisha ufahamu hata pale ambapo hakuna swali lililoulizwa.

Ningependa pia usahihishaji ubadilike. Mwanafunzi anayeandika kwamba demani ni "aina ya kamba" apate alama yake, na anayeandika "sehemu ya jahazi" apate nusu. Kisha wote wawili waulizwe: umejuaje? Jibu lioneshe neno au kiambishi kilichomwongoza, nalo lihesabiwe alama.