Tarehe ya Chapeo Makanisani

Mafundi walioichora Biblia moja ya Ufaransa, yapata mwaka 1250, hawakujisumbua kuuliza jeshi la Mfalme Sauli lilivaa nini. Waliwavika Waisraeli chapeo nzito kama ndoo zilizofudikizwa kichwani, zenye mwanya mwembamba wa macho, zilezile walizovaa wapanda farasi wa Mfalme Louis wa Tisa. Kitabu hicho kilitembea sana: mwaka 1608 kilifika Isfahan, zawadi ya Kardinali Maciejowski kwa Shah Abbas, na huko kikaandikiwa maelezo ya Kiajemi pembezoni.

Chapeo ya namna ile ilimkinga mtu, lakini ilimziba masikio na kumnyima pumzi. Katika karne ya 14 ikashika chati nyingine, nyepesi, iliyochongoka utosini na kuteremsha wavu wa pete za chuma mabegani. Katika kanisa kuu la Canterbury utaziona zote mbili kwa mtu mmoja. Edward, mwana wa mfalme wa Uingereza, aliyefariki mwaka 1376, amelala juu ya kaburi lake katika sanamu ya shaba iliyopakwa dhahabu, viganja vimekutana kwa sala. Kichwani amevaa ile mpya. Kichwa kimelazwa juu ya ile nzito, mahali pa mto. Chapeo yake halisi nayo ilitundikwa juu ya kaburi.

Huko Florence, chapeo ilikuwa biashara waziwazi. Vyama vya mafundi vilipewa mashubaka katika kuta za kanisa la Orsanmichele, kila kimoja kimsimamishe mtakatifu wake. Watengeneza deraya na panga wakamwagiza Donatello awachongee Mtakatifu George, kazi iliyokamilika yapata 1417. Mwili ni wa marumaru, lakini kichwa kimetobolewa matundu, na mkono wa kulia umefumbata hewa. Wengi wanaamini matundu yale yalishikilia chapeo ya chuma, na kwamba mkononi palikuwa na upanga au mkuki. Ikiwa ndivyo, mtakatifu alisimama barabarani amevaa bidhaa za waliomlipia. Mimi siwalaumu, soko lilikuwa hapohapo mlangoni.

Arezzo, katika kanisa la Mtakatifu Fransisko, Piero della Francesca alichora vita vya Kaisari Heraclius wa karne ya 7. Kazi hiyo ya miaka ya 1450 na 1460 inachanganya mavazi ya kale na chuma cha Italia ya siku zake, enzi ambayo akina Missaglia wa Milano walikuwa wakitamba kwa kufua deraya.

Lakini upepo ulikwisha kuanza kugeuka. Padua, katika miaka hiyohiyo ya 1450, kijana Mantegna alichora maisha ya Mtakatifu Yakobo na kuwavika askari mavazi ya Kirumi, aliyojifunza kwenye mawe ya kale. Sehemu kubwa ya picha hizo iliteketea kwa bomu mwaka 1944. Wachoraji wakaacha kumtazama mhunzi wa jirani, na punde mhunzi ndiye akawa anawafuata wao. Mwaka 1543, Filippo Negroli wa Milano alitia sahihi chapeo ya chuma kilichofuliwa kwa mtindo wa kale: juu yake amejinyoosha mwanamke nusu samaki, ameshika kwa nywele kichwa cha Medusa.