Joto Ndani ya Boksi

Mwezi wa pili mwaka huu nilipoteza kurasa 11 za riwaya yangu kwa sababu ya joto.

Ilikuwa hivi. Kompyuta yetu hapa nyumbani Magomeni tuliiunga wenyewe, kipande kwa kipande, kwa fedha za kuchangishana. Mchana naandikia, usiku mdogo wangu na washkaji zake wanachezea gemu. Siku hiyo niliacha sura ya tano wazi, sijaihifadhi, nikaenda kula. Kurudi, kioo cheusi.

"Kaka, imejizima yenyewe, haki ya Mungu sijagusa kitu!"

Na kweli hakuwa mwongo. Nilipofungua ubavu wa boksi na kugusa kadi ya picha, ile inayochora kila tunachokiona kwenye gemu, nusura niruke. Ilikuwa ya moto kama pasi.

Nilikasirika, lakini hasira haikunirudishia kurasa. Basi nikaanza kusoma habari za kadi hizi tangu zilipoanza, nijue nani aliyetuletea jiko chumbani.

Kumbe mwanzoni hapakuwa na jiko. Mwaka 1996 kampuni ya 3dfx ya California ilitoa kadi iitwayo Voodoo Graphics. Mwendo wake ulikuwa megahezi 50, kumbukumbu yake megabaiti 4. Chipu zake zilikaa wazi, bila feni wala bati la kupoozea. Hewa iliyomo ndani ya boksi iliitosha. Wachezaji waliona kuta na vivuli vya gemu vikiwa laini kuliko walivyozoea, wakataka zaidi.

Nao walipewa. Mwaka 1999 Nvidia ilitoa GeForce 256, ikaja na bati lake na kafeni juu. Mwaka 2000, 3dfx nao wakatoa Voodoo5 5500, chipu mbili na feni mbili, ikihitaji waya wake wa umeme kwa kuwa ule wa kwenye mazabodi haukuitosha. Haikuwaokoa. Desemba mwaka huo huo walitangaza kuiuzia Nvidia mali zao.

Kisa cha mwaka 2003 ndicho kilichonichekesha. Nvidia walileta GeForce FX 5800 Ultra, na feni yake ilipiga kelele hata watu wakaifananisha na mashine ya kufyonza vumbi. Wenyewe wakaishia kutengeneza filamu fupi ya kujicheka. Wakati huo washindani wao, ATI, walikuwa na Radeon 9700 Pro tangu Agosti 2002, yenye kafeni kamoja tu, na kwa kazi ilikuwa haipitwi kirahisi.

Hapa utauliza: kama chipu zinatengenezwa kwa transista ndogo zaidi kila mwaka, mbona joto linazidi? Mwaka 1974 Robert Dennard na wenzake wa IBM walieleza kwamba ukipunguza ukubwa wa transista na volti zake kwa pamoja, unaweza kuzisongamanisha nyingi zaidi katika eneo lile lile bila eneo hilo kuzidi joto. Kanuni hiyo iliibeba dunia ya kompyuta kwa miaka 30 hivi. Kufikia katikati ya miaka ya 2000 ikachoka. Transista zilikuwa ndogo mno, umeme ukawa unavuja hata zikiwa zimezimwa, na volti hazikuweza tena kushushwa kama zamani. Idadi ikaendelea kupanda, na joto likapanda nayo.

Matokeo yake ni GTX 480 ya mwaka 2010: transista bilioni 3, wati 250, na joto lililopita nyuzi 90. Mwaka 2022 RTX 4090 ikafika wati 450. Mwaka 2025 RTX 5090 ikafika 575, zaidi ya nusu ya pasi ya umeme ya wati 1000.

Lakini jambo lililonigusa mimi ni jingine. Joto la chipu hufuata volti zikizidishwa kwa zenyewe. Ukipunguza volti kwa asilimia 10 bila kugusa mwendo, umeme wa kazi ya chipu hupungua kwa asilimia 19. Sasa watengenezaji hugombania fremu mbili tatu ili wapitane kwenye vipimo, na huweka volti za juu ili hata chipu dhaifu kuliko zote isishindwe. Maana yake nyingi zinalishwa kuliko zinavyohitaji. Zaidi ya hapo, kadi za siku hizi hupunguza mwendo zenyewe zikipata joto. Kwa hiyo anayeacha boksi lijae vumbi anajinyang'anya kasi aliyoilipia.

Yetu ni RX 580, toleo la mwaka 2017, wati 185, tuliyoinunua mkononi Kariakoo. Niliifungua. Vumbi lilikuwa limejazana kwenye bati kama sufi, na pesti ya kupitisha joto imekauka kama chaki. Nikasafisha kwa brashi, nikapaka pesti mpya, nikapanga feni za boksi: ya mbele ivute, ya nyuma itoe. Halafu kwa programu ya kadi yenyewe nikashusha milivolti 25 kwa wakati, kila mara tukijaribu gemu nusu saa. Kutoka 1150 tulifika 1050. Tuliposhuka chini ya hapo picha iliganda, tukarudi juu. Joto lilishuka kutoka nyuzi 88 hadi 74, na hiyo ni Dar, chumba kisicho na kiyoyozi. Mdogo wangu hakugundua tofauti yoyote kwenye gemu, isipokuwa kwamba kelele imepungua.

Zile kurasa 11 nimeziandika upya, zimekuwa 8. Sijui kama ni bora, ila hazina tena yale maneno niliyoyatia ili kumwonyesha mwalimu wangu wa zamani kwamba nimesoma.

Nawe uliye na boksi lako, usingoje lizime. Lifungue Jumamosi hii, ulifute vumbi. Na kazi yako ihifadhi kabla hujaenda kula.