Kabla ya RV Kulikuwa na Ngamia: Stori ya Haji Ali wa Arizona

Wadau, najua zile video mmeziona. Gari kubwa kama basi, ndani kuna kitanda, jiko, friji mpaka choo. Limeegeshwa katikati ya jangwa la Marekani, mwenye gari kashika kahawa, jua ndo linachomoza. Wenyewe wanaita RV, sisi tungesema nyumba yenye matairi. Leo tupande nayo siku moja tu, ila tukiwa njiani tuulizane: nani alipita hapa kwanza?

Asubuhi tunatokea Flagstaff, jimbo la Arizona. Usishangae kukuta misonobari na baridi kali, maana mji uko kama mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Tunashika barabara kuu ya I-40 kwenda magharibi. Kadiri unavyoshuka, miti inapungua. Ukifika Kingman, kama kilomita 240 hivi, umebaki na vichaka, mawe na mbingu.

Wengi wanaijua njia hii kwa jina la Route 66, barabara iliyopewa namba hiyo mwaka 1926. Miaka ya 1930 familia masikini zilipita hapa zikikimbia ukame na njaa kwenda California, magodoro yamefungwa juu ya gari. Yaani kulala njiani ilikuwa shida kabla haijawa fasheni. Lakini hata wao hawakuwa wa kwanza.

Rudi nyuma mpaka 1855. Bunge la Marekani lilitoa dola 30,000 ili jeshi likanunue ngamia. Sio utani. Nyumbu na farasi walikuwa wanateseka na kiu jangwani, ngamia anabeba mzigo mkubwa na anakaa siku kadhaa bila maji. Meli ikatumwa Mediterania, na mwaka 1856 ngamia 34 wakashushwa pwani ya Texas. Sasa nani anajua kuwafunga mizigo na kuwaongoza? Ikabidi waletwe na watu wao kutoka huko huko. Mmoja wa watu hao alikuwa Haji Ali.

Jina hilo mtoto yeyote wa Tanga au Magomeni analitamka akiwa usingizini. Wamarekani likawashinda. Wakamwita "Hi Jolly", na ikawa ndo hivyo maisha yake yote.

Mwaka 1857 Edward Beale alipewa kazi ya kupima njia ya magari ya kukokotwa kutoka New Mexico hadi mto Colorado. Aliondoka na ngamia 25, Haji Ali akiwa mmoja wa waongozaji. Njia ile ndiyo baadaye reli, Route 66 na hii I-40 zilikuja kuifuata kwa sehemu kubwa. Kwa hiyo lami tunayoteleza nayo leo inapita karibu na nyayo za ngamia wake.

Na msidhani jangwa lilikuwa halina wenyewe. Huko mto Colorado walikuwepo Wamohave. Mwaka 1858 msafara wa wahamiaji ulipofika kwenye kivuko, Wamohave waliushambulia, na mwaka uliofuata jeshi likajenga ngome palepale. Njia mpya kwa mmoja ilikuwa uvamizi kwa mwingine.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza 1861, ngamia wakasahaulika. Wengine waliuzwa, wengine wakaachiwa porini. Haji Ali akabaki Arizona, akabeba mizigo, akatafuta madini. Mwaka 1880 akapata uraia kwa jina la Philip Tedro. Alifariki 1902.

Jioni inaingia. Tumeshaiacha I-40, tumekata kusini hadi Quartzsite. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 2,413 tu hapa, lakini kila majira ya baridi wanamiminika watu mamia ya maelfu na RV zao. Wengi ni wastaafu wanaokimbia theluji, wanaegesha kwenye ardhi ya serikali jangwani. Na katika makaburi ya mji huu kuna piramidi ndogo ya mawe, juu yake ngamia wa shaba, iliyowekwa 1935. Ndipo alipolala Haji Ali. Ila mji mzima wanamjua kwa jina la Hi Jolly.

Hapo ndipo nilipowaza kwetu. Mwaka huohuo wa 1857, Burton na Speke waliondoka pwani yetu kwenda Ziwa Tanganyika. Mmoja wa waliowasaidia njiani alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani India akiwa mdogo. Bombay ni jina la mji. Jina alilopewa na mama yake hatulijui. Mabara mawili, mwaka mmoja, mchezo uleule: anayeijua njia anapewa jina la kurahisishia wengine, anayefuata nyuma ndo anaandikwa vitabuni.

Na hao angalau wana la kuitwa. Waongoza ngamia wengine na wapagazi wetu wengi hawana hata la utani.

Kwa hiyo ukikutana tena na video ya RV jangwani, like weka, hakuna ubaya. Ila mkumbuke Haji Ali, na umwite kwa jina lake, maana wewe unaweza kulitamka.

Mtaani kwenu kuna barabara ambayo wazee wanajua nani aliifungua? Hebu dondosha jina lake hapo chini, lisije likapotea na hilo.