Gari la Maiti na Njia ya Kurudi Kathonzweni

Mwenye kutaka kununua gari la maiti la zamani, tena lililotengenezwa nusu na nusu yake ikaachwa, hana budi kwanza kujua gari lile lilifanya kazi gani na kazi yenyewe ilizuka kwa sababu gani; maana gari la namna hii halichakai kama yachakaavyo magari mengine, na dalili za uchakavu wake zimo mahali ambapo mnunuzi wa kawaida hatupi jicho. Nayasema haya kwa kuwa katika nchi ya Kathonzweni, upande wa mashariki wa Wote katika kaunti ya Makueni, magari kama hayo yangali yakionekana nyuma ya magereji na chini ya miembe, na vyama vya kufaana vya vijijini hushawishika kuyachukua, kwa kuwa bei yake ni nafuu kuliko ya gari jipya, na kwa kuwa fundi aliyeyapiga rangi nyeusi ameyang'arisha hata yakapendeza machoni.

Wengi hudhani kwamba ada ya kumrudisha marehemu kwao, azikwe katika shamba lake mbele ya jamaa zake, ni ada ya Wakamba tangu enzi za mababu. Sivyo. Gerhard Lindblom, mtaalamu wa Kiswidi aliyekaa Ukambani mnamo miaka ya 1911 na 1912 na kuchapisha mwaka 1920 kitabu chake kikubwa juu ya kabila hili, alieleza kwamba kaburi lilikuwa heshima ya wazee wenye daraja, ilhali maiti za watu wengine, walio wengi, zilipelekwa nyikani zikaachiwa fisi. Haikuwa dharau kwa wafu, bali hofu ya najisi ya mauti, ambayo ilitakiwa iwekwe mbali na boma, na mifugo, na watoto. Wala aliyefia safarini hakutarajiwa kurejeshwa. Kivui wa Mwenda, tajiri wa Kitui ambaye misafara yake ya pembe ilishuka hadi Mombasa, na ambaye ndiye aliyempokea mmishonari Krapf mwaka 1849 alipouona mlima Kenya, aliuawa na majambazi mwaka 1851 karibu na mto Tana, msafara ukatawanyika, na kila mtu akaiokoa roho yake. Hata wageni walikuwa hivyo hivyo: Peter Cameron Scott, aliyefungua kituo cha kwanza cha misheni ya Africa Inland huko Nzaui mwaka 1895, alifariki mwaka uliofuata na akazikwa papo hapo milimani, mbali na kwao.

Kisha zikaja vita mbili kuu, na Wakamba, walioandikwa kwa wingi katika upagazi wa vita ile ya kwanza na katika King's African Rifles vita ya pili, wakafia Tanganyika na Burma wakazikwa huko huko, na huku nyuma mama zao wakaletewa habari tu, bila mwili. Naamini kwamba uchungu wa vifo vile visivyo na kaburi la kuzuru ulikuwa na sehemu yake katika ada iliyozuka baadaye, ingawa sehemu iliyo kubwa zaidi ilitokana na ardhi.

Nchi ya Makueni, ambayo Kathonzweni ni sehemu yake, haikuwa na watu wengi miaka mia moja iliyopita. Ilikuwa nyika ya mbung'o na vifaru. Serikali ya Kiingereza, ikilalamika kwamba vilima vya Machakos vimemomonyoka kwa wingi wa mifugo, ilijaribu mwaka 1938 kuwanyang'anya Wakamba ng'ombe wao kwa mnada, na maelfu ya watu, wakiongozwa na Muindi Mbingu, wakaenda Nairobi kudai haki yao. Muindi mwenyewe alihamishiwa Lamu, lakini ng'ombe hawakuchukuliwa tena. Ndipo serikali ilipoamua kuisafisha nyika ya Makueni ili watu wahamie. Kati ya 1944 na 1946 mwindaji J. A. Hunter aliajiriwa kuua vifaru, akaua karibu elfu moja. Vichaka vikakatwa, na baada ya vita walowezi wa Kikamba wakaanza kuteremka kutoka milimani. Sasa basi, mtu aliyekwisha kuondoka milimani kwa baba zake na kupewa shamba bondeni, siku alipofiwa, ilimlazimu kuchagua: amrudishe marehemu alikotoka, au amzike katika udongo mpya na kwa tendo lile audhihirishie ulimwengu kwamba udongo ule ni wake. Waliochagua la pili walikuwa wakipanda ushahidi. Zilipokuja hatua za kupima mashamba na kuandika hati baada ya sheria ya mwaka 1968, kaburi lililokuwamo shambani lilikuwa na uzito mbele ya wazee ambao karatasi haikuupata.

Kanisa nalo lilikwisha kuwafundisha watu kuwazika wafu wote, mdogo na mkubwa, na ajira za Nairobi na Mombasa zikawatawanya watoto wa nyumba moja pande zote za nchi. Hivyo, kwa muda mfupi wa kizazi kimoja au viwili, likawa jambo la aibu isiyosemeka mtu kuzikwa ugenini. Haya hayakuwa ya Wakamba peke yao. Nchi nzima iliyaona katika kesi ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986, ambaye mwili wake ulilala mochari Nairobi hadi Mei 1987 mjane na ukoo wakishindana mahakamani juu ya mahali pa kumzika, hata mwisho akazikwa Nyalgunga, kwa baba zake. Pwani kwa Waislamu, ambako maiti husaliwa, huchukuliwa mabegani na kuzikwa aghalabu siku ile ile na mahali pale pale alipofia, kesi kama ile ni vigumu hata kuifikiria, wala jeneza halikuhitaji injini.

Bara lilihitaji. Magari ya maiti ya injini yalianza Marekani, katika mji wa Chicago, mwaka 1909, yakashika mahali pa magari ya farasi. Lakini katika Kenya, kwa muda mrefu, gari la heshima lilikuwa la Wazungu na matajiri, na maiti ya mfanyakazi iliyosafirishwa bara ilipanda lori la mizigo, au jeneza lilifungwa kwa kamba juu ya keria ya basi pamoja na magodoro na magunia. Kilichobadili hali hii kilikuwa gari la familia la Kifaransa, Peugeot. Namba 404, iliyoshinda mbio za Safari mwaka 1963 na tena 1966, 1967 na 1968, na kisha 504, iliyozaliwa mwaka 1968, zilikuwa na umbo refu la stesheni wagoni ambalo jeneza la mtu mzima lilienea ndani bila ya kutoa mguu nje. 504 ile ndefu ilikuwa na mhimili mmoja mzima nyuma na springi nne za mviringo, mbili kila upande, ndiyo maana iliwapendeza wenye teksi za masafa na wenye kazi ya maiti kwa pamoja: ilibeba uzito mwingi ikapita korongo bila ya kugusa tumbo. Magari haya yaliunganishwa hapa hapa nchini, na 404 ya mwisho ilitoka kiwandani Kenya mwaka 1991, miaka kumi na zaidi baada ya Ulaya kuisahau. Haikuwa taabu, kwa hiyo, kupata vipuri wala fundi. Na wagoni iliyochoka na abiria aghalabu ilimaliza siku zake kwa kung'olewa viti, kutiwa mapazia na kupigwa rangi nyeusi.

Gari moja la aina hii, 504 iliyokuwa imesimamishwa juu ya mawe karibu na soko, yenye namba za mtindo wa kabla ya 1989 zisizo na herufi ya mwisho, ndilo lililonifanya niandike. Kutoka nje ilikuwa arusi. Rangi ilikuwa nyeusi ya kung'aa, kromu zilikuwa zimesuguliwa, vioo vya ubavuni vilikuwa vizima na mapazia mapya ya zambarau. Mzee aliyetumwa na chama chake kulikagua hakushughulika na hayo. Aliufungua mlango wa nyuma, ule ufungukao kwenda juu, akaona kwamba haukai juu bila ya kushikiliwa, kisha akapiga magoti, akaingiza kidole chini ya bati la aluminiamu lililotandikwa sakafuni.

"Kijana," akamwambia fundi, "ulipopiga rangi, uliliinua bati hili?"

"Hapana, mzee. Mwenyewe aliniambia nishughulikie nje kwanza."

Walipozing'oa ribiti na kuliinua, ubao wa chini yake ulikuwa mweusi, laini kama mkate uliolowa, na sakafu ya chuma chini ya ubao ilikuwa na matundu ambayo mwanga wa jua uliyapenya kutoka ardhini. Hapo ndipo historia ya gari la maiti ilipo. Kabla ya hospitali za wilaya kupata mochari za baridi zilizo imara, na hata baada ya hapo, maiti zilisafirishwa zikiwa zimetiwa dawa au hazikutiwa, katika jua la nyikani, kwa saa nyingi. Kilichochuruzika, pamoja na maji ya kusafishia yaliyomwagwa kila baada ya safari, kiliingia katika maungio ya bati na kukaa. Gari la abiria huoza kuanzia chini ya milango na juu ya magurudumu. Gari la maiti huoza kutoka katikati kwenda nje, na rangi ya nje haisemi lolote juu yake. Mnunuzi ambaye hakuliinua bati hajakagua kitu.

Baada ya sakafu, sumaku. Mzee alikuwa na sumaku ndogo iliyotolewa katika spika ya redio, ameifunga kwa kitambaa isikwaruze, akaipitisha polepole ubavuni. Palipo na chuma ilishika, na juu ya gurudumu la nyuma la kushoto ilianguka mkononi mwake, kwa kuwa pale palikuwa pametiwa puti nene badala ya bati. Kwa insafu ya fundi, puti si dhambi. Lakini gari lililotengenezwa nusu ni gumu kulipima kuliko lile ambalo halijaguswa, sababu lile ambalo halijaguswa huonyesha kutu yake waziwazi, na hili limekwisha kuizika.

Kuna uchakavu mwingine ambao ni wa magari haya peke yake. Gari la maiti huenda mwendo wa miguu. Hutoka barabara kuu, hushika njia ya shamba ambayo vijana wa mwethya, yaani kikundi cha kazi ya pamoja, wameifyeka na kufukia makorongo yake siku mbili kabla, na hutangulia mbele ya watu waendao wakiimba, likiwa katika gia ya kwanza, saa sita ya mchana, na jamaa wamekaa kwenye benchi la ubavuni kando ya jeneza ili marehemu asisafiri peke yake. Kazi hii huila klachi na huitesa rejeta. Hivyo gari lenye kilomita chache si lazima liwe na injini yenye afya, na yule anayejivunia kilomita chache za gari la maiti hajui analolisifu. Zile springi nne za nyuma nazo zitazamwe gari likiwa tupu na likiwa na mzigo. Zamani, kabla ya madaraja, gari liliweza kungoja kando ya mto Thwake au Kaiti hadi maji ya mvua yapungue, kisha likavutwa kwa kamba katika mchanga. Walivutia kwenye nini? Ikiwa walifunga kamba kwenye mhimili, mhimili umepinda, na tairi za nyuma zitaonyesha kwa kulika upande mmoja.

Karatasi ni shauri lisilohitaji maneno mengi. Namba ya chesisi ilinganishwe na kitabu cha usajili, na namba ya injini vile vile, maana nyingi katika hizi zimetiwa injini ya dizeli ya Kijapani bila ya kuandikishwa, na gari la biashara lililobadilishwa injini, rangi na umbo kwa siri halitapita ukaguzi wa serikali.

Kuhusu benchi lile la ubavuni, mwenye gari alikuwa ameliondoa, akikusudia kuweka reli mpya za kung'aa pande zote mbili kama alivyoona katika picha za magari ya Ulaya. Mimi nisingekubali. Reli moja yatosha, na benchi lirudishwe, hata kama ni la mbao za kawaida, kwa kuwa siku hizi mabasi makubwa yenye chumba cha jeneza nyuma ndiyo yaletayo maiti na waombolezaji kutoka Nairobi, na kazi iliyobaki kwa wagoni ya zamani ni ile fupi ya kutoka mochari ya Wote hadi boma la ndani ambako basi halifiki. Na katika safari hiyo fupi, mtu wa kukaa kando ya jeneza ndiye sababu ya gari kuwapo. Atakayelinunua kwa ajili ya maonyesho na afanye apendavyo.

Ushauri niliowapa wale wa chama ulikuwa huu: wasitaje bei hata shilingi moja mpaka sakafu nzima ing'olewe, ikatwe palipooza, ichomelewe bati jipya lenye mtaro wa kutolea maji, na gharama hiyo ikatwe katika bei ya mwenye gari, kisha walipakie mawe yenye uzito wa jeneza na watu wanane, waliendeshe kutoka Wote hadi Kathonzweni, na nusu saa ya mwisho waliendeshe gia ya kwanza katika njia ya shamba saa ya jua kali, wakiutazama mshale wa joto. Ukipita nusu, rejeta itengenezwe kwanza, ndipo mazungumzo ya bei yaanze.