Shaba ilifika Kitui kabla ya mabati

Wasee, radi ikipiga nyumba Kitui, komenti ya kwanza huwa gani? Kamuti. Hakuna anayeuliza kama nyumba ilikuwa na waya wa kushuka ardhini. Na msidhani ni Wakamba pekee waliohangaika na radi. Ulaya walikuwa wanapiga kengele za kanisa kuifukuza. Mnara ndio mrefu kuliko kitu chochote kijijini, kamba imelowa maji, na mtu ameishika. Walikufa wengi hivyo.

Mwaka wa 1752 Benjamin Franklin wa Philadelphia alionyesha kuwa radi ni umeme. Dawa yake: chuma kirefu juu ya paa, waya mnene hadi ndani ya udongo. Hakumtoza mtu hata senti kwa wazo hilo. Watu wa mjengo hapa Kenya hukiita aresta, jina la ajabu, maana hakikamati chochote wala hakifukuzi. Kinaipa radi njia. Ikikosa, inajitafutia yake: ukutani, kwenye nyaya za stima, kwa mtu aliyeegemea mlango.

Sasa hapa ndipo historia yetu inaniuma. Krapf, mmisionari Mjerumani aliyekaa Rabai, alifika Kitui mwaka wa 1849 kwa Kivoi, tajiri wa pembe za ndovu. Misafara ya Wakamba ilishusha pembe pwani, ikarudi na nguo, shanga na nyaya za shaba. Mafundi wetu waliusokota waya huo kuwa mikufu myembamba ajabu. Shaba ndiyo hasa inayotakiwa kushusha radi, na wazo la Franklin lilikuwa na karibu miaka 100. Waya ukafika, maarifa yakabaki huko. Mnunuzi alitaka pembe tu.

Mwaka wa 1895 Africa Inland Mission ikafungua kituo chake cha kwanza Nzaui, Makueni. Shule zikafuata, na baadaye mabati yakachukua nafasi ya nyasi. Mabati hayaiti radi, hiyo stori tuiache. Shida ni umeme kufika ukingoni mwa paa na kukosa pa kuendelea.

Na kwetu waya peke yake hautoshi. Mvua ya mwisho wa mwaka inakuja baada ya kiangazi kirefu, na udongo mkavu wa mchanga na mawe haupitishi umeme vizuri. Chuma cha chini lazima kizame sana, au viwe kadhaa, na fundi apime.

Mwaka wa 2011, katika shule ya msingi ya Runyanya, Uganda, radi moja iliua wanafunzi 18. Walikuwa darasani.

Angalieni busta za simu kwenye vilima vya Mbooni na Mutitu: hizo hazijengwi bila kinga ya radi, kwa sababu kuna mtu anayehesabu hasara. Siku mbunge akija kukata utepe wa darasa la CDF, zungukeni nyuma ya jengo. Kuna waya unaoshuka? Na kama ulikuwepo, haujauzwa kwa wa vyuma kuukuu?