Tepe, Shaushi na Afande: Namna ya Kusoma Sare Kuukuu ya Askari wa Kitui

Si ajabu, katika nyumba za Ukambani, kukuta chini ya sanduku shati la kaki lililovaliwa zamani na babu aliyekuwa askari. Wakamba walikuwa miongoni mwa watu waliotoa askari wengi zaidi katika King's African Rifles, yaani KAR, hasa tangu Vita vya Pili vya Dunia. Matinyani, upande wa magharibi wa Kitui, imo katika nchi hiyo. Mwenye shati akiisha kufa, husalia mashahidi wawili wa cheo chake: tepe zilizoshonwa mkononi mwa nguo, na neno alilolitumia mwenyewe kujitaja. Kila shahidi ana historia yake, na mara nyingi hushindwa kuelewana.

Tuanze na neno. KAR iliundwa tarehe 1 Januari 1902 kwa kuunganisha vikosi vya Afrika ya Kati, Afrika Mashariki na Uganda. Katika vikosi hivyo walikuwamo Wasudani waliorithi desturi za jeshi la Misri, nalo jeshi hilo lilikuwa limepokea majina ya vyeo kutoka kwa Waturuki. Lugard aliwachukua baadhi yao mwaka 1891 kutoka mabaki ya jeshi la Emin Pasha. Kabla ya hapo, mwaka 1889, Wissmann alikuwa amewaandika Wasudani wengine huko Misri ili wawapiganie Wajerumani pwani. Kwa njia hizo Kiswahili kikapata ombasha, kutokana na neno la Kituruki lenye maana ya mkuu wa watu kumi, na pia shaushi. Baadaye koplo na sajini, au sajenti kama wasemavyo Kenya, yalikuja kutoka Kiingereza na kuyasukuma kando yale ya kwanza. Tepe lenyewe ni neno la Kiingereza lililovaa sauti ya Kiswahili. Kwa hiyo ombasha na koplo ni cheo kimoja katika tabaka mbili za lugha, na hali ni hiyo hiyo kwa shaushi na sajini.

Sasa tutazame nguo. Katika desturi ya jeshi la Uingereza, ambayo KAR iliifuata, tepe ya cheo ina umbo la herufi V, ncha yake ikielekea chini, nayo hukaa juu ya kiwiko. Moja ni ya lansi koplo, mbili ni za koplo, tatu ni za sajini. Taji likiwekwa juu ya zile tatu, cheo kimepanda juu ya sajini. Lakini si kila tepe ni cheo. Tepe zilizokaa chini ya kiwiko katika mkono wa kushoto, ncha zikielekea juu, zilikuwa za mwenendo mwema, nazo walipewa askari walio chini ya koplo. Tepe ndogo nyekundu za mkono wa kulia, karibu na kifundo, zilianzishwa mwaka 1944. Kila moja ilihesabu mwaka mmoja wa utumishi tangu Septemba 1939.

Hapa ndipo penye hatari. Tuseme familia moja ya Matinyani inakumbuka kwamba babu alikuwa sajini, na shati lake lina tepe tatu nyekundu karibu na kifundo cha mkono. Mjukuu asiyejua atazihesabu na kusema ushahidi umepatikana. Anayejua nusu atasema babu aliwadanganya watu. Wote wawili wamekosea. Tepe hizo zashuhudia miaka mitatu ya vita, wala hazithibitishi cheo wala hazikikanushi. Yapasa kutazama juu ya kiwiko. Uzi ukifumuliwa, mara nyingi huacha matundu ya sindano, na kitambaa kilichokuwa chini ya tepe huwa hakikupauka kama sehemu nyingine. Tena yafaa kukumbuka kwamba shati laweza kuwa la mwaka uliotangulia kupandishwa cheo, na kwamba nguo hupita mikononi mwa watu. Hati ya kuachishwa jeshi, ikiwa ingalipo, ndiyo hukata shauri.

Neno jingine latakiwa kupimwa kwa uangalifu huo huo. Wazee wengine huitwa afande. Asili yake ni efendi ya Kituruki. Katika miaka ya 1950 Waingereza walilifanya effendi kuwa cheo rasmi cha Waafrika wa KAR, juu ya masajini lakini chini ya maofisa kamili. Idi Amin wa Uganda alikipata mwaka 1959, kabla ya kufanywa luteni mwaka 1961. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, vikosi vyake vya KAR viligeuka kuwa Kenya Rifles. Cheo cha effendi kimetoweka, bali afande limebaki kuwa neno la heshima kwa mkubwa yeyote wa jeshi au polisi. Basi aliyeitwa afande na majirani zake si lazima awe alikuwa effendi.

Watafiti wa lugha hukusanya maneno, na wanahistoria hukusanya vitu. Kwa askari wa zamani kazi hizo mbili hazitengani. Anayesikiliza neno peke yake humpandisha marehemu cheo ambacho hakukishika. Anayehesabu tepe peke yake aweza kumnyang'anya kile alichokitumikia. Neno na uzi sharti vishuhudie pamoja.