Pilipili ya kusaga nyumbani: chunga ukungu na vumbi

Mu Tshangalele, bukari na samaki wa ziwa bila pilipili ni chakula cha mgonjwa. Kwa hiyo, kila kiangazi, tangu mwezi wa 5 mpaka wa 9, banamama wanakausha ya kutumia mvua ikirudi.

Chuma zile zilizoiva nyekundu kabisa, tupa zenye kuoza. Osha mbele ya kutoa vikonyo. Ukivitoa kwanza, maji yanaingia ndani. Kubwa pasua mara mbili, ndogo acha nzima. Kisha tandika juu ya meza au kitanda cha miti, mahali penye upepo. Jua kali la siku nyingi linapausha rangi.

Kando ya barabara, hapana! Huku kwetu malori ya madini yanapita, na vumbi yake inaweza kubeba shaba na kobalti. Pilipili iliyokunjamana inashika vumbi hiyo, na kuipangusa hakutoshi. Magharibi ingiza ndani, sababu ya umande.

Iko tayari wakati gani? Ikunje. Ikivunjika na mbegu zinalia ndani, ni tayari. Ikijipinda kama ngozi, ungali na kazi. Hapa ndipo wengi wanaharibu: wana haraka ya soko, wanafunga mu sashe ingali na maji, na kisha siku chache ukungu unaota. Ukungu wa aina fulani hutoa aflatoksini, sumu inayoharibu ini, na kupika hakuiondoi. Usichague iliyo nzuri kati ya mbovu, tupa yote. Inauma, najua, maana kilo 4 mbichi zinakupa karibu kilo 1 tu ya kavu.

Kusaga, tumia kinu kikavu, funika mdomo wake kwa kitambaa, simama upepo ukiwa mgongoni. Usipeleke ku mashini ya mahindi: atakayesaga nyuma yako atalia na bukari yake, na watoto hawatakula. Chunga, weka mu chupa kavu yenye kifuniko, mbali na mwanga.

Mikono ikiwaka, maji peke yake hayasaidii, kwa kuwa ukali wa pilipili hauyeyuki mu maji. Pakaa mafuta ya kupikia, pangusa, ndipo unawe na sabuni. Na usiguse macho.

Ya soko je? Nyekundu ya kung'aa mno, iulize. Mwaka 2005 Uingereza iliondoa mu maduka mamia ya vyakula, sababu unga wa pilipili ulikuwa umetiwa Sudan 1, rangi ya viwandani. Ukiweza, nunua nzima, saga mwenyewe.